Kura mnatuomba kwa Kiswahili, mbona mdahalo ni wa Kiingereza?

Kwa waandalizi wa mdahalo wa urais wa 2027, na kwa wahariri mtakaoketi kupanga maswali.

Salamu kutoka Bondeni, Nakuru.

Mimi ni fundi wa nguo. Nina cherehani mbili, moja ya kukanyaga na moja ya stima, na runinga ndogo niliyoitundika juu ya kabati la vitambaa ili wateja wasichoke kungoja. Kampeni zote tangu 2013 nimezifuata ndani ya chumba hicho, tena kwa masikio kuliko kwa macho, maana fundi akiinua kichwa kutazama sura ya mgombea, sindano humkumbusha kidole chake kiko wapi.

Kwetu msimu wa siasa ni msimu wa kazi. Nyinyi mnahesabu kura za maoni, sisi tunahesabu mita za kitambaa. Mwaka 2013 nilikuwa naota nyekundu na chungwa. Mwaka 2022 ikawa manjano na buluu. Vikundi vya akina mama huleta oda ya madera hamsini kwa mpigo, na siri ya fundi nitaitoa hapa hapa: kuna kikundi kilichoshona rangi mbili, moja ya mkutano wa Jumamosi na nyingine ya Jumapili, kwa vipimo vile vile. Sikuuliza. Kuna pia wakala wa mgombea fulani, simtaji yeye wala chama chake, aliyebeba aproni 60 akaniachia nusu ya pesa na tabasamu. Mtu wake alipoanguka, simu ikawa haipatikani. Angeshinda pia nadhani ingekuwa vile vile, ila ningejua mahali pa kumtafuta.

Lakini barua hii si ya kudai aproni. Ni ya lugha.

Usiku wa tarehe 11 Februari 2013 sikushona. Ulikuwa mdahalo wa kwanza wa urais katika historia ya nchi yetu, na wagombea wote wanane walikuwa mstari mmoja: Uhuru Kenyatta, Raila Odinga, Musalia Mudavadi, Martha Karua, Peter Kenneth, James ole Kiyiapi, Paul Muite aliyekuwa amekwenda mahakamani kudai nafasi yake, na mwalimu Mohamed Abduba Dida, ambaye kufikia asubuhi vijana wa hapa mtaani walikuwa wanamwiga anavyozungumza. Sisi tuliozoea kuwaona wakubwa hawa wakitokeza kwenye paa la gari huku vumbi limetujaa mdomoni, tuliwaona wakingoja zamu kama watoto wa shule. Niliipenda sana picha ile. Sitaki kuwanyima sifa yenu.

Mama mkwe wangu alikuwa ameteremka kutoka Subukia kuja kliniki, akalala kwangu. Aliketi kwenye benchi la wateja, leso mabegani, macho kwenye runinga. Mgombea wa kwanza alipomaliza kusema, akanigeukia.

"Amesemaje?"

Nikamweleza. Mgombea wa pili akamaliza. "Na huyu amesemaje?" Nikamweleza, ila kwa kifupi, kwa sababu wa tatu alikuwa ameshaanza. Baada ya nusu saa nilikuwa namtolea neno moja kwa kila sentensi tatu. Shule. Ukabila. Ufisadi. Raila alipotupa ule mzaha wake kwamba itakuwa kazi kuongoza serikali kwa Skype kutoka The Hague, ambako Uhuru alikuwa na kesi, mimi nilicheka, mama mkwe akaona nimecheka, na ikabidi nimweleze kwanza Skype ni kitu gani, kisha The Hague ni wapi, kisha kinachochekesha ni nini. Nilipofika kwenye kicheko, wenyewe walikuwa wameshahamia mambo mengine kabisa. Mwishowe akanionea huruma. "Wewe sikiliza tu, mwanangu. Utaniambia kesho."

Kesho yake ndiyo niliyotaka kuwaeleza.

Mnaijua Nakuru. Kwenye ukuta mmoja wa maduka hapa Bondeni yumo Mkikuyu, Mjaluo, Mluhya, Mkalenjin, Mkisii na Mnubi, na wote tunaazimana mkasi kwa Kiswahili. Asubuhi ile kila mmoja alikuja na mdahalo wake. Jirani yangu fundi wa viatu alikuwa amesikiliza uchambuzi kwenye redio ya lugha ya kwao, na kwa mujibu wake mtu wao aliwagaragaza wenzake. Muuza mayai alikuwa amesikiliza redio ya lugha ya kwao, na huko aliyewagaragaza wenzake alikuwa mwingine. Kijana wa boda boda alikuwa na wa tatu. Mlitupa mdahalo mmoja usiku, kufikia saa mbili asubuhi umezaa mitano, kila mmoja na mshindi wake, na hakuna aliyeweza kumwambia mwenzake "lakini alisema hivi", kwa kuwa maneno yenyewe, yale yaliyotoka kinywani mwa mgombea, wachache ndio waliyapata.

Sisemi redio zilidanganya. Mkalimani yeyote huchagua. Hata mimi usiku ule nilichagua, na nikiwa mkweli, yule niliyempenda nilimtafsiria kwa urefu kidogo.

Miji mingine labda wanaweza kulipuuza jambo hili. Sisi hapa Januari 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, tuliona mahema yakijaa kwenye uwanja wa maonyesho ya kilimo, na waliokuwa ndani walikuwa watu tuliokuwa tukiuziana nao sukuma wiki mwezi mmoja kabla. Kila jamii wakati ule ilikuwa na habari zake, kwa lugha yake, kuhusu jamii nyingine. Tangu hapo, nikisikia kila mtu ana toleo lake la kilichosemwa jana, ngozi yangu husisimka. Ndiyo maana nasema Kiswahili katika mdahalo si pambo. Ni namna ya watu wote wa ukuta huu kusikia sentensi moja, kwa wakati mmoja, kutoka kwa mwenyewe, kabla hajatokea wa kututafunia.

Na wagombea wenyewe wanakijua. Hapo ndipo mnaponishangaza. Wakija uwanja wa Afraha hapa Nakuru hawatuhutubii kwa Kiingereza hata siku moja. Raila, Mungu amrehemu, alikuwa akisimama jukwaani anasema "Kitendawili!" na uwanja mzima unaitikia "Tega!", kisha anaitangaza siasa kama mpira, nani anampa nani pasi, nani amepiga nje. Ruto akiuliza "niongee, nisiongee?" hata wasiompenda hujikuta wameitikia. Kibaki, msomi wa uchumi, alikuwa na Kiswahili cha kuchekesha umati na cha kugombeza wazembe, na matusi yake madogo tunayo hadi leo, siyaandiki hapa. Tazameni sikukuu za kitaifa: Rais anasoma hotuba rasmi kwa Kiingereza, watu wanajipepea kwa kofia, watoto wanalia. Halafu anaiweka karatasi kando. Anaanza Kiswahili. Watu wanaketi wima, kwa sababu wanajua sasa ndiyo anaongea na wao.

Basi mgombea huyo huyo akiingia ukumbini mwenu anavaa tai na Kiingereza. Huku nje tulimsikia akituomba kura, huko ndani anaeleza atakavyotoza ushuru, atakavyolipa madeni, atakavyofanya na mashamba. Yaani kuombwa tunaombwa kwa lugha tunayoielewa, kuelezwa tunaelezwa kwa lugha ya wengine. Hata mfumo wa uchumi uliokuwa unampigia debe mama mboga mwaka 2022 ulikuja na jina la Kiingereza, "bottom-up", na mama mboga mwenyewe hapa kwenye kona alikuwa akiuita "botomapu", akidhani ni aina ya mkopo. Labda hakukosea sana.

Mtaniambia lugha haina maneno. Lakini saa moja usiku, kila siku ya Mungu, mnatusomea habari kwa Kiswahili. Lulu Hassan na Rashid Abdalla hawajawahi kukatiza taarifa katikati wakatuomba radhi kwamba neno limekosekana. Mfumuko wa bei tunaujua, nakisi ya bajeti tunaijua, ugatuzi tumeujua tangu Katiba ya 2010. Hata hilo neno mdahalo mmelitoa wapi? Wanaoweza kuuliza maswali makali kwa Kiswahili mnao, mnawalipa mshahara, na mdahalo ukifika mnawaweka kando kama vyombo vya wageni.

Katiba yenyewe, Kifungu cha 7, inasema lugha ya taifa ni Kiswahili, na lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Kiswahili kimetajwa mara mbili. Bungeni, Kifungu cha 120, ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara. Na tarehe 7 Julai 2022 dunia iliadhimisha kwa mara ya kwanza Siku ya Kiswahili iliyotangazwa na UNESCO. Hotuba zilitolewa, tukaambiwa lugha yetu sasa ni ya ulimwengu. Siku kumi na tisa baadaye, tarehe 26 Julai, mkaandaa mdahalo wa urais, na lugha ya ulimwengu ikabaki nje na walinzi.

Usiku huo, kwa kweli, si lugha peke yake iliyobaki nje. Wajackoyah, mgombea aliyekuwa ametuahidi bangi ya kuuza ng'ambo na nyoka wa kufuga, alifika akakataa kupanda jukwaani mpaka wagombea wote wanne wawekwe pamoja, kwa hiyo mgombea mwenzake Waihiga akajibu maswali peke yake. Kisha Ruto naye akajibu dakika tisini peke yake, kwa sababu Raila hakwenda. Miaka mitano kabla ilikuwa kinyume: tarehe 24 Julai 2017 Raila ndiye aliyesimama peke yake, Uhuru hakutokea. Nilikuwa natia vifungo kwenye mashati nikajiambia, haya si mashindano, huyu ni mtu anajipima suti mbele ya kioo. Mdahalo wa maana wa mwaka 2022, kwangu mimi, ulikuwa ule wa wagombea wenza wiki moja kabla, Martha Karua na Rigathi Gachagua, kwa sababu angalau walikuwa wawili na walitazamana.

Mmelalamika sana kuhusu mimbari tupu, na mna haki. Ila nina jambo la kuwaambia ambalo labda ukumbini halionekani. Mgombea anayesusia mdahalo wa Kiingereza hapotezi kura hata moja Bondeni, kwa kuwa Bondeni hatukuwa tumealikwa. Uhuru alisusia, na kabla ya wiki tatu kwisha akatangazwa mshindi. Mahakama ya Juu iliufuta uchaguzi ule, lakini si kwa sababu ya mdahalo. Raila alisusia, akapata kura karibu milioni saba. Wapiga kura wao hawakuhisi wamedharauliwa. Sasa mwiteni mtu kwenye mdahalo wa Kiswahili, mtangaze kwamba mama wa Subukia na mvuvi wa Dunga kule Kisumu wameketi wanamngoja, halafu asitokee. Aje aeleze hilo kwenye paa la gari.

Juni 2024, siku tatu baada ya vijana wetu kuingia Bunge wakipinga Mswada wa Fedha, binti yangu aliamka saa kumi alfajiri kutazama mdahalo wa Marekani, Biden na Trump, huko Atlanta. Nikamwambia umechanganyikiwa, huko wana shida zao na sisi tuna zetu. Lakini cherehani ilikuwa na oda, nikaketi naye. Nilichokiona ni kwamba wenzetu walizima maikrofoni ya yule ambaye si zamu yake, jambo ambalo ningependa mlinunue hata kwa mkopo. Nikaona pia mzee Biden akikwama katikati ya sentensi. Mpishi wa hoteli huko Marekani aliona amekwama saa ile ile aliyoona profesa, wala hakungoja mtu wa kumwambia asubuhi. Haukupita mwezi mzee akajiondoa kinyang'anyironi. Nguvu ya mdahalo wao ni hiyo, na Kiingereza kwao ndiyo lugha ya sokoni.

Vijana wetu pia walitangulia kuelewa. Mswada wa Fedha wa mwaka huo walikaa nao, wakaufasiri kwa lugha za nyumbani na kwa Kiswahili cha mtaani, wakatupia kwenye simu zetu. Nilisikilizishwa habari ya kodi ya mkate hapa hapa juu ya cherehani. Vijana wasiolipwa na mtu waliweza. Nyinyi mna studio.

Nisieleweke vibaya, maana najua watakaosema fundi anataka tushindane ngeli. Sitaki Kiswahili cha kuaibishana. Mimi mwenyewe nachanganya, watu wa Lamu wakinisikia huwa wanatabasamu kwa upole. Mgombea aseme Kiswahili alicho nacho, kile kile anachotuombea kura. Ninachoomba ni mdahalo mmoja mzima wa Kiswahili, kuanzia salamu hadi kuagana, na mkalimani wa lugha ya ishara asiwekwe kwenye kona ndogo kama stempu. Ule wa Kiingereza pia muwe nao, sijakataza. Na muwe na mwulizaji atakayemzuia mgombea kukimbilia Kiingereza akibanwa. Nimewasikiliza miaka mingi na mgongo wangu kwenye runinga, na hili nalijua kama ninavyojua sauti ya bobini inayokaribia kuisha: wakishambulia ni Kiswahili, wakiulizwa pesa zilikwenda wapi ni Kiingereza.

Tena mtoke Nairobi. Mwaka 2013 mlikuwa Nairobi, 2017 Nairobi, 2022 Nairobi. Njooni Nakuru, ama mpite mbele kidogo muende Kisumu au Kakamega. Kisumu hasa. Tangu 2007 hakuna uchaguzi mkuu wa urais ambao jina la Raila halikuwa kwenye karatasi ya kura. Aliaga tarehe 15 Oktoba 2025, na watu wa huko safari hii watasikiliza kwa namna ambayo hawajawahi kusikiliza, bila mtu wao wa kuwaambia tuko wapi na tunaelekea wapi. Kama nchi hii inataka kujua wagombea wana nini cha kuwaambia watu wa ziwani mbali na rambirambi, mahali pa kuwauliza ni pale, ana kwa ana.

Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027, kama Katiba inavyotaka, Jumanne ya pili ya Agosti. Muda upo. Oda za kitambaa zimeshaanza kuulizwa bei, kwa hiyo nyinyi pia msiseme ni mapema.

Kitu kimoja cha mwisho. Kwenye mdahalo wa pili wa 2013, ule wa tarehe 25 Februari, swali la ardhi liliulizwa. Mama mkwe alikuwa amesharudi Subukia. Ndilo swali pekee alilokuwa akilingoja tangu mwanzo, na aliketi mbele ya redio akaliacha lipite kwa sababu hakujua kwamba ndilo linalojibiwa. Nilipomwambia wiki iliyofuata, alinyamaza, kisha akauliza kama wanaweza kurudia.

Huwa mnaomba maswali kutoka kwa wananchi. Nimemwuliza lake, akanitamkia nikaandika kwenye karatasi ya vipimo, na nalinakili hapa bila kugusa neno:

"Mimi na marehemu mzee tulinunua hisa kwenye kampuni ya mashamba. Tulipewa karatasi, hati ya shamba tukaambiwa inakuja. Marais wamepita, karatasi ninayo, mzee nimemzika hapo hapo. Ukiingia wewe, hiyo hati nitaipata mwezi gani, na nisipoipata nije nikuulize ofisi gani?"

Wenu,
Fundi wa nguo, Bondeni